Kundi A, Dhaifu

Saa tisa usiku, maabara ya Ibra.
Jokofu linakoroma kama paka aliyeshiba
na mimi nimeshika tyubu ya Bi Thuwaiba
naitazama mara ya tatu,
maana zile mbili nimejilaumu mwenyewe:
labda tone halikutosha, labda usingizi.

Tone la buluu ndilo linalomtafuta A.
Chembe za A zikikutana nalo hushikana papo hapo,
mabonge mabonge, kama tui lililokatika.
Hii haikukatika. Wala haikubaki laini.
Vibonge vichache vinaelea
na kuvizunguka, chembe kwa maelfu
zinapishana kama watu wasiojuana.

Hajapata kuongezwa damu ya mtu. Nimeuliza.
Kadi yake iko mezani, imekunjwa mara nne,
wino umegeuka rangi ya chai:
Hospitali ya Wete. Kundi A.

Nikaziacha chembe, nikayauliza maji yake,
yale ya manjano yanayobaki juu:
nyinyi mnamkataa nani?
Yakamkataa B peke yake.
A yakampokea, hayakumgusa.

Nimelelewa na msemo kwamba damu nzito kuliko maji.
Usiku huu maji ndiyo yaliyokumbuka.

Mundhir, wa meza ya vimeng'enya,
si mtu wa maneno. Akasema, "Na huku pia.
Cha kusaga sukari kimeshuka hadi nusu."
Chembe nyekundu haina kiini, haina pa kurudi kuomba;
hutoka ubohoni na masurufu yake
ya siku mia na ishirini, basi.
Hizi zimesafirishwa na mkoba mtupu.

Ndani ya mfupa kuna fujo.
Chembe nyeupe, changa, zimejaa hadi mlangoni,
hazikui, hazimpishi mtu,
na nyekundu zinazoponyoka hutoka zimevaa nusunusu,
bila kile kishada cha sukari mabegani
ambacho sisi hukiita A.
Zile kongwe, za kabla ya Ramadhani, bado zinacho.
Ndizo vibonge vyangu vichache.

Asubuhi nikapanda wodini kutoa damu nyingine.
Nilipomsalimu kwa Kiswahili alifumbua macho yote mawili.
"Mwanangu, mimi A tangu Wete.
Nilipofika hapa mwaka sabini na tatu
waliniuliza kabila, jina la babu, mtaa wa babu,
na kwa nini Kiarabu changu kinapinda.
La damu hawakuniuliza.
Na hilo ndilo nililokuwa na karatasi yake."
Mjukuu wake, Azzan, kasimama na chupa ya kahawa,
anaelewa neno moja katika matatu,
anacheka pasipo mahali pake.

Sikumwambia kwamba karatasi na mwili vimegombana.
Nilimfunga pamba, nikashuka.
Kompyuta ina visanduku vinne, hakuna cha tano,
nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo:
A, dhaifu. Apewe chembe za O. Msimfute jina.

Hilo la mwisho daktari alinipigia simu kuuliza.
Nikasema ni kosa la kuandika.

Leo ni wiki ya saba ya dawa.
Nywele zimekwisha, ulimi umechubuka,
jana aliomba uji wa mtama
akala vijiko viwili, akasifu vinne.
Tyubu mpya. Tone la buluu. Natikisa taratibu.

Vibonge vimezidi. Vinene, vyekundu, vimeshikana.
Lakini bado kuna zinazopita huru katikati,
nami sijui ni zake zilizosahau
au ni wageni, zile za O tulizompa wenyewe,
za kijana fulani wa Sinaw aliyelala dakika kumi
akanywa juisi, akaenda zake.

Mundhir kainua kichwa: "Ni A?"
Taa ya darubini inaniumiza macho.
Ngoja, namwambia.
Ngoja kwanza.